Juu ya nini tiruwari inakwama wakati wa mvua?

Leo natoka kidogo mu shamba ya mihogo na maharagi, naingia mu atelie ya fundi mbao. Msishangae. Mti ni mmea, na agronome haachi kazi yake akisema juu ya ubao. Tena kati yetu wako wengi wenye lisansi mu mfuko na kazi bado, na wengine wamekwisha kushika randa na msumeno. Basi habari hii inaweza kuwafaa.

Swali liko hivi. Mama mmoja anatengenezesha komode hapa Bunia. Inafika nyumbani mwezi wa pili, jua kali. Tiruwari zote zinaingia na kutoka bila kelele, jirani wanasifu. Mwezi wa tano, mvua imekolea, tiruwari ya chini inakataa. Mama anavuta, kishikio kinabaki mkononi. Anamwita fundi: "Papa, weye ulinikula faranga yangu!" Fundi anajibu: "Mama, mimi niliiacha muzima, ni weye ulijaza vitu kupita kiasi." Na kwa kuwa deni lilikuwa linalipwa kidogo kidogo, sehemu iliyobaki inasimama palepale. Fundi anakosa cha kumpa kijana anayejifunza kwake. Mama anakosa mahali pa kufungia karatasi za kiwanja, diploma za watoto na kadi za uchaguzi. Nimeona ugomvi wa namna hiyo ukifika mpaka kwa shefu wa kartie. Kila mmoja alikuwa na maneno yake, na hakuna hata mmoja aliyetaja maji.

Jibu langu ni maji. Komode nzima inakunywa maji, lakini tiruwari peke yake ndiyo inatembea kila siku ndani ya nafasi ya milimita mbili tatu. Ndiyo maana siri ya ubao inaonekana kwake kwanza.

1. Ubao unaendelea kunywa hata baada ya mti kufa

Mti ukiwa umesimama porini umebeba maji mengi sana. Ukikatwa na kupasuliwa, maji yanatoka kwa hatua mbili. Kwanza yanatoka yale yaliyo huru ndani ya matundu ya seli. Hapo ubao unapunguza uzito, lakini kipimo chake hakibadiliki. Unyevu ukishuka mpaka karibu asilimia 30, yanaanza kutoka yale yaliyoshikamana na kuta za seli zenyewe. Kuanzia hapo ubao unasinyaa. Tunaposema asilimia 30, maana yake uzito wa maji ukilinganishwa na uzito wa ubao uliokauka kabisa.

Kukauka kwenyewe hakuna mwisho. Ubao unapatana na hewa inayouzunguka. Hewa ikikaa na unyevu wa asilimia 60 kwa muda mrefu, ubao unatulia karibu na asilimia 11. Hewa ikipanda mpaka 80, ubao unapanda pole pole karibu na 16. Kiangazi chetu cha mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili kinautapisha maji, kisha mvua zinaunywesha tena. Verni na rangi zinachelewesha mwendo huo, lakini haziuzuii.

Na ubao haukui sawasawa pande zote. Kufuata urefu wa nyuzi, karibu haubadiliki: tangu ubichi mpaka kukauka kabisa, mita moja inapoteza kama milimita moja tu. Kukata nyuzi, yaani kwa upana wa ubao, mambo ni mengine. Miti mingi inapoteza asilimia 3 mpaka 5 upande wa kutoka moyoni kwenda gandani, na asilimia 6 mpaka 8 upande wa kufuata mzunguko wa pete zake.

Sasa tazameni komode. Mbao za pembeni za kasha lake zimesimama, nyuzi zake zinatoka chini kwenda juu. Kwa hiyo urefu wa tundu la tiruwari, chini kwenda juu, unabaki uleule mvua na kiangazi. Lakini mbao za tiruwari zimelala. Nyuzi zake zinatoka kushoto kwenda kuume, au mbele kwenda nyuma. Kimo chake ndicho kinakata nyuzi, na ndicho kinakua. Watu wa pwani wana jina zuri la tiruwari: wanaiita mtoto wa meza. Basi mvua ikinyesha mtoto anakua, mlango wa nyumba yake unabaki uleule. Atapita wapi?

2. Hesabu ya milimita

Tuchukue mti unaosinyaa asilimia 6 kwa upana tangu unyevu wa 30 mpaka sifuri. Gawa, utapata kwamba kila asilimia moja ya unyevu inabadilisha upana kwa asilimia 0.2.

Tiruwari yenye kimo cha sentimita 20 ilijengwa kiangazi, ubao uko kwa unyevu wa 10. Mvua inaupandisha mpaka 16. Ni asilimia 6 za unyevu, mara 0.2, yaani 1.2 kwa mia. Kwa milimita 200 inakuwa milimita 2.4. Fundi aliacha milimita moja juu ili ipendeze machoni. Tiruwari imekwama, na fundi hakuiba kitu.

Sasa geuza. Fundi mwingine alinunua mbao zilizoshuka jana kwenye lori, mbichi kabisa, akajenga tiruwari yenye kimo kilekile ikae vizuri sana. Ubao ukitoka 30 mpaka 12, ni asilimia 18 mara 0.2, yaani 3.6 kwa mia. Ni zaidi ya milimita 7. Hiyo haitakwama. Itacheza, itaacha mwanya ambao panya anachungulia, na viungo vyake vitafunguka. Makosa mawili yanayopingana, chanzo ni kimoja: hakuna aliyeuliza ubao una maji kiasi gani.

Upana wa tiruwari, kushoto kwenda kuume, unafuata nyuzi, kwa hiyo haubadiliki. Ndiyo maana nafasi kubwa inawekwa juu. Pembeni, nusu milimita kila upande inatosha. Ukiacha zaidi, tiruwari itakwenda mshazari na kujibana yenyewe.

3. Kuchagua ubao na kuukausha

Mu soko letu mtasikia libuyu, lifaki, na mbao za kaliptusi. Libuyu ni jina ambalo wauzaji wanapatia miti kadhaa ya jamii ya akaju, hivyo mbao mbili zenye jina hilo zinaweza kutofautiana tabia. Mvule, ambao Wafaransa wanauita iroko, unasifiwa kwa kutulia: ukishakauka hautembei sana. Kaliptusi inapatikana kwa urahisi huku kwetu, lakini inasinyaa sana na kupinda. Ifanyie vitu vingine, usiifanyie mbao za pembeni za tiruwari.

Tazama pia kichwa cha ubao, pale ulipokatwa. Pete zikisimama wima kuelekea uso mpana wa ubao, ubao huo utatembea karibu nusu ya ule ambao pete zake zimelala kama tao. Mbao za pete zilizosimama weka kando kwa ajili ya tiruwari. Zilizolala zipeleke mahali ambapo milimita moja haileti vita.

Kukausha hakuhitaji mashine. Inua mbao kutoka udongoni, ziweke chini ya paa mahali upepo unapita, na kati ya safu na safu tia vijiti vikavu vyenye unene mmoja wa sentimita mbili hivi, kila sentimita 40 au 50. Vijiti vya juu visimame sawa juu ya vile vya chini, la sivyo mbao zitapinda kama mgongo wa mzee. Paka rangi kwenye vichwa vya mbao ili maji yasikimbilie huko na kupasua. Kisha ngoja. Kuna kanuni ya nchi za baridi inayosema mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Kwetu joto linasaidia, inakwenda upesi zaidi, lakini bado ni hesabu ya miezi. Wiki mbili juani zinakausha ngozi tu, ndani maji yanabaki.

Utajuaje kwamba umefika? Hapa agronome anarudi kazini. Katika laboratware ya udongo tulijifunza kupima unyevu: pima uzito, kausha kwenye tanuri la digrii mia na kitu mpaka uzito usibadilike tena, pima mara ya pili. Ubao ni vilevile. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si kichwani. Tuseme kinapima gramu 84, na baada ya kukauka kabisa gramu 70. Maji yalikuwa gramu 14. Gawa 14 kwa 70, ni asilimia 20. Bado hiyo, ngoja kidogo.

Huna tanuri? Chukua kipande kimoja, kiandike tarehe, kiweke juu ya rundo la mbao, na kila wiki kipime. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu nne, kipande hicho kimepatana na hewa ya Bunia. Kwa mizani msiniambie haipatikani. Mu mji huu wa wauza zahabu, mizani ya kupima gramu iko kila upande.

4. Kujenga tiruwari yenyewe

Tiruwari ina vipande vitano: uso wa mbele, pembeni mbili, mgongo na sakafu. Uso uwe mnene, sentimita mbili hivi, juu ndio unaovutwa na kubeba seruri. Pembeni na mgongo, milimita 12 mpaka 15 zinatosha. Pembeni nene sana zinaongeza uzito na kula nafasi ya nguo.

Kiungo cha mbele ndicho roho ya kazi. Kila mara unapovuta, unajaribu kuutenganisha uso na pembeni. Msumari uliopigwa kutoka mbele unaingia kwenye kichwa cha ubao, na kichwa cha ubao hakishiki msumari vizuri. Baada ya mwaka unatoka pole pole. Ndiyo maana mafundi wa zamani walikata kile kiungo ambacho Kifaransa kinakiita mkia wa mbayuwayu: meno yaliyo mapana mwishoni na membamba shinani, yanayoingia ndani ya mwenzake. Ukivuta, meno yanazidi kushikana. Kinahitaji msumeno mwembamba, patasi kali na uvumilivu. Asiyekiweza bado, achimbe mfereji ndani ya uso, aingize pembeni humo kwa gundi, na apigilie vijiti vya mti mkavu kuvuka kiungo. Hiyo pia inadumu.

Sakafu inaingia ndani ya mfereji uliochimbwa pembeni na mbele, kama sentimita moja juu ya ukingo wa chini. Ikiwa ya tripleksi, haina shida, tripleksi haitembei, unaweza hata kuitia gundi. Ikiwa ya ubao, hapa wengi wanakosea. Nyuzi za sakafu zilale kushoto kwenda kuume, sambamba na uso wa mbele. Hivyo ikikua inakua kuelekea nyuma, ambako mgongo umekatwa mfupi ili sakafu ipite chini yake. Usiitie gundi. Kaza skurubu moja au mbili nyuma, kwenye tundu refu kidogo ili isogee. Sakafu iliyobanwa pande zote ina njia mbili tu: ipasuke kiangazi, au isukume pembeni wakati wa mvua mpaka tiruwari ikwame kwa ubavu.

Na vipimo: tiruwari ndefu kuliko upana wake inatembea moja kwa moja. Ile pana sana na fupi inapenda kwenda mshazari ukivuta kishikio kimoja. Ikibidi iwe pana, weka vishikio viwili, au ugawe tiruwari mbili. Angalieni makasha ya zamani ya Zanzibar na Lamu, yale yenye misumari ya shaba: mengi yana tiruwari chini yake, na fundi badala ya kuweka moja pana aliweka mbili au tatu ndogo mstari mmoja. Watu hao waliishi kando ya bahari, unyevu waliujua.

5. Kuiingiza mahali pake

Tiruwari inatembea juu ya reli mbili za mbao ngumu zilizofungwa pembeni mwa kasha. Kumbuka kwamba mbao za kasha zimesimama, reli zimelala. Reli haibadiliki urefu, ubao wa kasha unasinyaa kwa upana. Ukipigilia reli misumari mitano na gundi juu, kiangazi kitapasua ubavu wa komode. Kaza mbele tu. Nyuma weka skurubu moja kwenye tundu refu. Kwa sababu hiyohiyo usiifanye tiruwari ndefu mpaka iguse mgongo wa kasha. Acha sentimita moja, la sivyo kasha likisinyaa uso wa tiruwari utatokeza nje.

Juu ya pembeni za tiruwari weka ubao mwembamba wa kuzuia, ili ukiivuta isiiname puani kama mtu mwenye usingizi. Nyuma ya kasha, upana wa njia uwe milimita moja zaidi kuliko mbele. Njia inayobana kuelekea nyuma ndiyo inayofanya tiruwari igome ikiwa imeingia nusu.

Kisha nafasi ya juu. Hapa fundi aangalie mwezi alio nao. Kwa kimo cha sentimita 20, ukijenga kiangazi na ubao mkavu, acha milimita 3. Ukijenga katikati ya mvua na ubao uliokwisha kupatana na hewa hiyo, milimita moja inatosha, kwa maana kuanzia hapo utapungua tu. Tiruwari ya sentimita 10, acha nusu ya hapo. Mteja akilalamika juu ya mwanya wa milimita 3, mwelezee. Ni heri abishe mwezi wa pili kuliko kulia mwezi wa tano.

Kulisi za chuma zinazouzwa madukani zinasaidia kubeba uzito, lakini hazifuti hesabu hii. Uso wa tiruwari bado ni ubao na bado unakua.

6. Ikiwa imekwisha kukwama

Usichukue randa siku ya mvua kubwa. Ukipunguza milimita 3 leo, kiangazi utakuwa na mwanya wa kupitisha kidole. Kwanza toa tiruwari ya juu au ya chini yake uone inagusa wapi. Pale panapogusa patang'aa au patakuwa na weusi. Paka sabuni kavu au mshumaa kwenye reli na ukingo. Usipake mafuta ya kupikia, yanashika vumbi. Mara nyingi hiyo inatosha. Kama haitoshi, iweke mahali pakavu kwa wiki moja mbili, kisha punguza kidogo ukingo wa juu, pale palipong'aa tu. Halafu paka verni kila upande, hata ndani na chini ya sakafu. Tiruwari nyingi zinapakwa verni usoni peke yake, upande wa ndani unabaki uchi na kunywa kama sifongo. Ndiyo maana zinapinda.

7. Neno kwa mnunuzi, na kwa sisi wenyewe

Unapotengenezesha komode, kabla ya kujadili bei muulize fundi maswali matatu. Mbao hizi zilipasuliwa mwezi gani? Zilikauka wapi? Nafasi ya juu utaacha kiasi gani? Fundi mwema atafurahi kuulizwa. Na ukitaka mbao kavu, kubali kulipa muda wake wa kungoja. Fundi anayenunua mbao leo na kudaiwa kitanda keshokutwa hana namna ya kukausha kitu. Haraka ya mteja ndiyo inajenga tiruwari mbichi.

Kwa wenzangu wenye lisansi, jambo moja. Mbao za Mambasa na misitu yetu zinapita hapa Bunia juu ya malori kwenda Uganda na mbele yake zikiwa mbao tupu. Kinachoongeza bei ya ubao ni kazi: kuukausha, kuupima, kuukata meno ya mbayuwayu. Mafundi wetu wanayo mikono. Wanachokosa mara nyingi ni mtaji wa kuweka mbao miezi sita bila kuuza, na mtu wa kufanya hesabu ya unyevu. Vijana watano wenye hangari moja ya bati, vijiti vya kutenganisha mbao, daftari na mizani ya gramu wanaweza kununua mbao mbichi mwisho wa mvua na kuwauzia mafundi mbao kavu zilizoandikwa tarehe na unyevu. Hakuna haja ya kungoja mradi utoke mbali. Ni kazi ya agronomia kabisa, ile tuliyosomea: kujua maji yako wapi ndani ya mmea.

Na yule mama na yule fundi? Wakikutana tena kwa shefu wa kartie, mmoja wetu awe pale na kipande cha ubao na mizani. Deni lilipwe, na tiruwari ipunguzwe kiangazi kikianza.